Gitare yetu ya kwanza ya maana



Juma lililopita tuliongea juu ya majerikani ya maji na namna ya kuyasafisha. Leo tunaongea juu ya gitare. Maneno yametembea sana hapa Mubi mpaka Njingala. Wengine wanasema wamama wa chama wamenunua gitare ya dola elfu moja. Wengine wanasema ni mzungu fulani alitupatia. Wengine wanauliza tu, kwa heshima: hawa wamama wamekosa shida za kununulia makuta yao? Kwa hiyo tunajibu hapa kwa maandishi. Bei ilikuwa dola 420, pamoja na ampli na usafiri. Hakuna mtu alitupatia hata franga moja. Na shida tunazo, kama ninyi.

Mwenye kusoma mpaka mwisho atajua pia namna ya kuchagua gitare ya umeme bila kudanganywa, maana sisi tulidanganywa mara ya kwanza.

Ile nyekundu

Miaka mitatu iliyopita tulinunua gitare kwa ajili ya watoto wanaoimba siku ya posho mchana. Ilikuwa mpya, nyekundu, inang'aa kama pikipiki iliyotoka katika karatasi zake. Tulilipa dola 60. Hakuna mmoja wetu aliyejua kitu. Tuliangalia rangi tu, kama vile mtu anavyochagua kitenge.

Msimu mmoja wa mvua ulitosha. Mnajua unyevu wa pori letu: chumvi inageuka maji, viatu vinaota ukungu chini ya kitanda. Shingo ya gitare ilipinda. Nyuzi zikapanda juu, mbali na ubao, na mtoto akizibonyeza vidole vinatoka damu. Zile funguo za kukazia nyuzi zilikuwa zinateleza: unakaza sauti asubuhi, kufika wimbo wa pili imeshuka. Watoto kumi na mmoja walianza kujifunza. Baada ya miezi sita alibaki mmoja.

Huyo mmoja ni binti wa mama mwenzetu, wakati ule alikuwa na miaka 13. Alikuwa anacheza na nyuzi nne, maana mbili zilikatika na mpya hazikupatikana. Sisi walimu tuliosoma ISP tulifundishwa jambo moja ambalo tunalisahau mara nyingi: mtoto akishindwa kusoma, angalia kwanza kitabu alichopewa. Kama kurasa zimeraruka, usimwite mtoto mjinga. Wale kumi walioacha tuliwaita wavivu. Leo tunawaomba msamaha. Hawakuwa wavivu. Tuliwapa kitabu kilichoraruka.

"Gitare inakulwa?"

Mwezi wa 9 mwaka 2024 tuliweka neno hili mbele ya mkutano: tununue gitare moja ya maana, inayodumu. Mama mmoja alisimama na kuuliza: "Iyi gitare inakulwa? Inavaliwa?" Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Aliendelea: kwa makuta hayo tunaweza kupata mashine ya kushona, na mashine inazaa makuta. Akasema pia kwamba gitare ni kitu cha wanaume wa bare, na binti anayeishika atafuata njia ya bare.

Tuliheshimu neno lake, maana lilikuwa na ukweli ndani. Kuhusu mashine ya kushona hakukosea. Lakini wengine walijibu hivi: tangu Bisie ilipojulikana kwa kasiterite, kunako mwaka 2002, watoto wetu wanaangalia upande mmoja tu. Mtoto wa darasa la sita akiona kaka yake amerudi kutoka kariere na simu mpya, daftari linakuwa zito. Sisi tunaofundisha tunaona viti vinavyobaki wazi mwezi wa pili na wa tatu. Siku ya posho mchana, zile saa mbili za kuimba, ni saa ambazo mtoto anajulikana yuko wapi. Je, saa hizo zina bei gani?

Mwisho tulikubaliana mambo mawili. La kwanza: hakuna franga itakayotoka katika sanduku la jamii, lile la wagonjwa, la uzazi na la kilio. Sanduku hilo halichezewi. La pili: kila mama kati ya wamama 28 atoe nusu dola kila juma kwa muda wa majuma 30. Fanyeni hesabu na watoto wenu: 28 mara nusu ni dola 14 kwa juma, 14 mara 30 ni dola 420. Mama asiye na makuta alileta mafuta ya ngazi au makemba, na chama kikauza.

Mwezi wa tatu

Kufikia katikati ya mwezi wa 3 mwaka 2025 tulikuwa tumetoa majuma 24. Dola 336 zilikuwa zimepatikana. Halafu vita ikafika Walikale-centre. Hatuna haja ya kuwaeleza siku zile. Kila nyumba ina habari zake. Wengi wetu tulishika watoto, sufuria na godoro, tukaingia njia ya Lubutu au njia ya mashamba ya ndani. Mtunza sanduku wetu aliacha nyumbani nguo zake zote, lakini zile dola 336 alizishona ndani ya mkunjo wa kitenge alichovaa. Aliporudi, alizihesabu mbele yetu. Hazikupungua hata moja.

Hapo ndipo jaribu kubwa lilipotokea. Watu walirudi na kukuta nyumba zimefunguliwa, mbuzi hawapo, mihogo imechimbwa. Na pale mezani kulikuwa na dola 336 za gitare. Ni nani angeweza kusema kwa sauti kubwa kwamba gitare inakuja mbele ya unga? Tulikaa saa tatu. Wengine walilia.

Tulifanya hivi, na tunaandika ili chama kingine kikipata jaribu kama hili kisipasuke. Tulisema: sehemu ya kila mama ni dola 12. Anayeihitaji aichukue leo, bila kuulizwa, bila kuandikwa kama deni. Wamama tisa walichukua. Zilibaki dola 228. Hatukuandika majina yao popote, na hatutayaandika. Mwezi wa 6 tulianza kutoa tena. Polepole, saba kati ya wale tisa walirudisha bila mtu kuwadai. Zilizopungua, wengine walijaza. Mwezi wa 11 dola 420 zilikuwa mezani.

Msituone kama watakatifu. Kulikuwa na manung'uniko, na mama wawili hawakusalimiana mpaka Noeli. Lakini chama kilibaki kimoja.

Mama wa mikate

Juu ya lile neno la bare, tunataka kuwakumbusha habari ya nchi yetu wenyewe.

Franco Luambo, yule wa OK Jazz, alizaliwa mwaka 1938. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alikufa mapema, na mama yake alilea watoto kwa kuuza mikate sokoni kule Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Gitare ya kwanza ya mtoto Franco ilikuwa ya kujitengenezea, kopo na nyuzi za waya. Alikuwa anaicheza karibu na meza ya mama yake ili wanunuzi wasimame. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, aliingia studio ya Loningisa, na mwaka 1956 OK Jazz ikazaliwa. Tunapomsifu Franco, tumkumbuke na yule mama wa mikate aliyemwacha mtoto acheze karibu na meza badala ya kumfukuza.

Mwaka ule ule wa 1953 Mbelgiji mmoja, Bill Alexandre, alifika Léopoldville na gitare za umeme, na vijana wa kule walizishika haraka kuliko alivyotazamia. Mmoja wa waliofuata ni Nicolas Kasanda, tunayemwita Docteur Nico, mzaliwa wa Mikalayi kule Kasai. Wengi hawajui kwamba Nico alisomea ualimu wa ufundi. Walimu wenzangu, inueni kichwa: gitare iliyolia katika African Jazz mwaka 1960, wakati wa uhuru, ilikuwa mikononi mwa mtu aliyesomea kazi yetu.

Na wanawake? Mwaka 1961 kule Guinea, polisi wa kike walianzisha orkesta yao, iliyojulikana baadaye kama Les Amazones de Guinée. Gitare za umeme, basi, ngoma, vyote vilishikwa na wanawake. Kule Marekani, Rosetta Tharpe, aliyezaliwa mwaka 1915, alicheza gitare ya umeme katika nyimbo za Mungu, na wanaume wengi waliokuja kuwa maarufu walijifunza kwa kumsikiliza yeye. Kwa hiyo binti mwenye gitare si jambo la jana, wala si lazima njia yake ipite katika bare.

Namna gitare ya umeme inavyosema

Kabla ya kununua, tulimwomba mwalimu mmoja wa korali aliye Kisangani atufundishe. Tunawapa alichotupa, kwa maneno ya nyumbani.

Gitare ya umeme mara nyingi haina tumbo la wazi kama ile ya kawaida. Mwili wake ni ubao mzima. Chini ya nyuzi kuna vitu vinavyoitwa mikro. Mikro ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa katika ule waya. Ampli inaukuza umeme huo na kuutoa kama sauti. Ndiyo maana nyuzi lazima ziwe za chuma. Za nailoni hazisikiki kabisa kwa mikro hizo.

Kuna mikro ya waya mmoja, na kuna mikro ya waya mbili zilizowekwa pamoja. Ile ya waya mmoja ina sauti safi, kali, lakini inavuta pia mlio wa umeme ulio karibu: "hummm" ya grupe au ya konvertisa. Ile ya waya mbili imetengenezwa ili waya moja ifute mlio wa nyingine. Kwa sisi tunaotegemea grupe na pano za jua, jambo hili si dogo. Tulichagua gitare yenye mikro za aina zote mbili, na kitufe cha kuchagua.

Majaribio saba

Moja: shika gitare kama fundi mbao anavyoshika ubao. Funga jicho moja, angalia shingo kutoka kichwani mpaka tumboni. Ikiwa imejisokota kama kamba, rudisha, hata ukipunguziwa bei. Ikiwa imepinda kidogo tu mbele au nyuma, inaweza kurekebishwa, maana ndani ya shingo ya gitare nyingi kuna fimbo ya chuma inayokazwa kwa ufunguo wa pembe sita. Uliza ufunguo huo uko wapi.

Mbili: pima urefu wa nyuzi juu ya shingo. Katika chuma cha 12, nafasi kati ya uzi na chuma iwe karibu milimita 2. Ikiwa nafasi ni kubwa sana, vidole vya mtoto vitateseka. Ikiwa ni ndogo sana, uzi utagonga chuma na kulia kama nzi katika chupa.

Tatu: bonyeza kila uzi katika kila chuma, kimoja kimoja, tangu cha kwanza mpaka cha mwisho. Ni kazi ya dakika kumi. Muuzaji akikasirika, mwache akasirike.

Ine: chuma cha 12 kiko katikati ya uzi. Gusa uzi hapo bila kuubonyeza, upige, usikie sauti yake nyembamba. Halafu ubonyeze hapo hapo, upige tena. Sauti hizo mbili ziwe sawa. Zisipokuwa sawa, gitare itaimba vizuri karibu na kichwa na kuharibu wimbo huko chini, mpaka fundi aisogeze daraja ya nyuzi.

Tano: zungusha funguo za kichwani. Ziwe nzito kidogo na zisiteleze. Kaza sauti, cheza dakika tano kwa nguvu, sikiliza tena.

Sita: unganisha waya na ampli, zungusha vitufe vyote, tikisa waya pale unapoingia. Ikikwaruza kwaruza, ni vumbi au waya iliyolegea ndani. Inatengenezeka, lakini bei ishuke.

Saba: mpe mtoto atakayeicheza aishike, kama yuko. Gitare nyingi zina uzito wa kilo 3 mpaka 4. Urefu wa nyuzi pia hutofautiana: Stratocaster, iliyotoka mwaka 1954, na nyingi zilizoiiga zina karibu sentimita 65, Les Paul, iliyotoka mwaka 1952, na ndugu zake zina karibu 63. Kwa mkono mdogo tofauti hiyo inasikika.

Angalieni vizuri: katika majaribio haya saba hakuna rangi.

Pesa zilivyokwenda

Zamani vitu vya namna hii tulikuwa tunaagiza Goma, vikipanda ndege ndogo mpaka Kilambo. Uwanja wa Goma ulipofungwa mwezi wa kwanza mwaka 2025, njia hiyo ilikufa. Kwa hiyo gitare ilitoka Kisangani, ikapita Lubutu kwa pikipiki, imefungwa ndani ya blanketi na shitingi. Yule mwalimu wa korali aliijaribu kwa majaribio yote saba kabla hatujalipa, na kwa simu alitusikilizisha kila uzi.

Ni Yamaha Pacifica ya okazioni. Haikuwa mpya, ina mkwaruzo mgongoni. Tulipata hivi: gitare dola 230, ampli ndogo dola 95, waya mbili dola 15, pakiti tano za nyuzi dola 30, mfuko wake dola 20, usafiri dola 30. Jumla 420.

Kosa ambalo watu wengi wanafanya ni kutia makuta yote katika gitare na kusahau mengine. Gitare ya umeme bila ampli ni kama redio bila batri. Bila nyuzi za akiba, siku uzi wa kwanza, ule mwembamba, ukikatika, mtoto anakaa mwezi mzima akingoja pikipiki ya Lubutu.

Ampli kubwa si lazima. Yetu inakula umeme wa wati 30 hivi. Kwa saa tatu ni 30 mara 3, yaani wati-saa 90. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba 1200, na hata ukitumia nusu tu ili isife mapema, unabaki na 600. Kwa hiyo pano na batri zile zile zinazochaji simu za jirani zinatosha kwa mazoezi ya juma.

Funguo tatu

Sasa tunafika pale ambapo tulikosea, na kosa hili ni letu wenyewe.

Gitare ilipofika mwezi wa 12, tuliogopa. Kitu cha dola 230 katika kijiji ambacho watu bado wanatafuta mabati! Kwa hiyo tuliifanyia kama sanduku la akiba: tuliitia ndani ya sanduku la mbao, kufuli tatu, funguo tatu kwa wamama watatu. Tulijisifu kwa akili hiyo.

Juma la kwanza mama mmoja alikuwa shambani. Juma la pili mwingine alikuwa na mgonjwa. Juma la tatu tulifungua sanduku, na nyuzi zilikuwa zimeanza kuota kutu, maana sanduku lililofungwa katika unyevu wetu ni kama sufuria yenye mfuniko. Katika siku 21 yule binti, ambaye sasa ana miaka 16, alikuwa ameshika gitare saa moja na nusu. Tulikuwa tumetoa nusu dola majuma thelathini ili kufungia kitu ndani ya giza.

Ni yeye aliyetuambia, kwa adabu, akiangalia chini: "Wamama, sanduku inailinda kwa mwizi, lakini inainyima mimi pia."

Tulinyamaza. Halafu mjadala ulianza. Je, gitare ya chama ilale nyumbani kwa mtoto wa miaka 16? Ikiibiwa? Kaka yake akiiuza? Vita ikirudi? Kila swali lilikuwa swali la kweli. Mtunza sanduku wetu, yule wa kitenge, ndiye aliyekata maneno. Alisema: "Mwezi wa tatu ninyi wote mlikimbia bila kujua makuta yako wapi. Hamkuwa na funguo. Mlikuwa na mimi tu. Na mtoto huyu ameshika gitare iliyovunjika miaka mitatu bila kuiacha. Mnatafuta kufuli gani tena?"

Tulipiga kura. Sauti 19 zilikubali, 6 zilikataa, wengine hawakuwapo. Gitare inalala kwao tangu siku hiyo, kwa masharti haya ambayo mama yake aliyatia sahihi.

Inatundikwa ukutani ndani, kwenye kamba, si kwenye ukuta wa udongo wenye maji, si karibu na moto wa jikoni, si chini kabisa ya bati linalochomwa na jua. Haifungwi ndani ya nailoni. Kila akimaliza kucheza anapangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, maana jasho la vidole ndilo linaloleta kutu. Haipelekwi katika bare wala katika sherehe bila chama kujua. Siku ya posho inarudi mbele ya watoto wote, na yeye anafundisha wenzake wanne, mmoja baada ya mwingine, dakika ishirini kila mmoja. Jambo likitokea, mwizi au moto, ni hasara ya chama chote, si deni la mtoto wala la mama yake. Sharti hilo la mwisho tuliliandika kwa wino mwekundu, maana bila hilo mama yake asingelala usingizi.

Tulivyo sasa

Hatutawaambia kwamba gitare imerudisha watoto wote kutoka kariere. Si kweli. Kati ya wale wanne, mmoja alikuwa anabeba mizigo na bado anabeba siku nyingine. Lakini siku ya posho anafika, na mwezi huu ameandikwa tena darasani. Wawili ni wasichana. Wa nne ana miaka 10 na vidole vifupi, anaonja tu.

Yule mama aliyeuliza kama gitare inakulwa bado anasema mashine ya kushona ingekuwa bora. Tumemwomba awe yeye msimamizi wa nusu dola ya safari hii. Mashine ndiyo inayofuata, na juma lililopita tulitoa mara ya nne. Amekwisha kuuliza bei Lubutu, na ameuliza pia, kwa sauti ndogo, kama ile mikro ya waya mbili inavumilia grupe ya kanisani kwao.

Kwa hiyo, wapendwa, kama chama chenu kinataka kununua kitu cha kwanza cha maana, gitare au mashine au darubini ya maabara ya shule: msichague rangi, msiguse sanduku la wagonjwa, wekeni pembeni makuta ya vitu vidogo vinavyokifanya kikubwa kifanye kazi. Na kabla ya kununua kufuli, ulizeni nani atakitumia kila siku.

Siku ya posho inayokuja, kila mama atakayefika alete kitambaa kimoja cha zamani cha pamba, kisicho na vifungo. Vile vya kwanza vimekwisha kuwa vyeusi. Wenye masikio wakae karibu na mlango, ampli imewekwa upande huo.